Moshi wa Mbegu

Hapa Mpemba, karibu na Tunduma, watu wananiita Fundi Dramu. Jina nililopewa na wazazi wangu limebaki kwenye kadi ya kupigia kura na kwenye daftari la kanisa, na hata mke wangu akinikasirikia ananiita Dramu. Nililipata kwa kazi. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nachukua dramu za breki za malori, zile zilizokwisha hadi madereva wakazitupa kando ya barabara, nikazigeuza kuwa majiko ya kupasha nyumba joto. Sasa magoti yamegoma na macho yamechoshwa na mwanga wa kuchomelea, basi nimekaa. Mdomo haujastaafu. Ninyi vijana mnaokuja na simu zenu kunionyesha picha za majiko ya Ulaya, someni kwanza haya ya kwangu.

Nianze na chuma chenyewe, maana najua ndicho mnachokitaka. Dramu ya breki ni chuma cha kusubu, yaani kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye umbo lake. Ni kizito, kinachelewa kupata moto, na kikishaupata kinakaa nao mpaka kuni zimekuwa majivu. Mwezi wa saba, upepo ukishuka kutoka milimani, utakishukuru. Lakini kina kiburi. Ukikipasha ghafla kinapasuka, ukikipoza ghafla kinapasuka, ukikichomelea kama unavyochomelea geti la mtu kinapasuka na kukuacha umetoa macho. Kabla hujanunua dramu, ining'inize kwa kamba uigonge kwa nyundo ndogo. Iliyo nzima inalia kama kengele ya shule. Yenye ufa inatoa sauti ya sufuria. Muuzaji akikuambia kwamba zote zinalia hivyo, mwachie dramu yake uende kwa mwingine.

Aliyenifundisha kugonga ni Mzee Hamadi, fundi breki kutoka Tanga, aliyeletwa Tunduma na malori. Baridi yetu ilimwonea sana. Kuanzia mwezi wa tano alivaa makoti mawili, na alikuwa akisema udhu wa alfajiri wa Tunduma lazima una thawabu mara mbili. Jiko la kwanza alilitengeneza kwa ajili yake mwenyewe: dramu mbili zimetazamana midomo, moja juu ya nyingine, zimekazwa kwa bolti, mlango wa bati nene, na bomba la moshi lililotokana na ekzosi ya lori bovu. Sikuona akili yoyote hapo mpaka nilipoingia chumbani kwake nikavua sweta. Wakati huo majirani zake walilala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa, na kila msimu wa baridi tulisikia kwamba nyumba fulani hawakuamka. Mzee Hamadi aliniambia moshi wa kuni ukikuchoma macho utatoka mbio, lakini hewa ya makaa haionekani wala hainuki, nayo ndiyo inayomchukua mtu moja kwa moja akiwa usingizini. Ndiyo maana kwake bomba lilikuwa muhimu kuliko jiko.

Nilimharibia chuma kingi. Siku moja mteja wa ng'ambo ya mpaka alikuwa anasubiri mbaula yake, kama wanavyoliita jiko kule, na gari lake lilikuwa linaunguruma nje. Mimi nilikuwa nimetoka kuunganisha mguu wa jiko, chuma bado chekundu. Nikaona nimsaidie mgeni wetu asichelewe, nikachota ndoo ya maji nikaumwagia mzigo wake. Dramu ilipasuka kwa kishindo hadi utingo wawili waliokuwa wanacheza drafti wakalala chini. Mzee Hamadi hakunigombeza. Alinibebesha vipande vyote viwili kwa miguu hadi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akasema mikono inakumbuka kuliko masikio. Niliporudi akanionyesha: ukishaunganisha, zika kazi yako ndani ya pipa la majivu na uiache mpaka kesho. Na mahali panapoweza kushikwa na bolti, usichomelee. Viungo vizibe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu. Bati lenye zinki usilitumie karibu na moto, linatoa mvuke wa sumu. Jiko jipya liwashie moto mdogo siku tatu mfululizo kabla ya kuliamini.

Haya yote mnaweza kuyajifunza kwa mwezi mmoja. Nayaandika ili mjue kwamba nilikuwa nayajua yote, vizuri kabisa, mwaka nilipokaribia kumuua mama wa watu.

Lusekelo ni kijana aliyekuwa na fuso mbili za kubeba mahindi, makao yake hapa hapa Mpemba. Mama yake, Bibi Tusekile, alikuwa anaishi peke yake Ibaba, kule juu Ileje, ambako asubuhi ya mwezi wa saba nyasi zinakuwa nyeupe. Bibi alipikia mafiga ndani ya nyumba, na kifua kilikuwa kimembana. Mganga wa kituo cha afya alimwambia Lusekelo wazi kwamba moshi ule ukiendelea, mama hatafika mbali. Akaja kwangu, akataka jiko bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nikamtengenezea hilo hasa. Dramu zilizolia vizuri, mlango usiopitisha hata uzi wa hewa, juu nikaweka tundu la sufuria lenye mfuniko ili apikie hapo hapo.

Tulipanda nalo Ibaba mwezi wa sita. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, na juu ya mafiga kulikuwa na dari ya fito ambazo zimekuwa nyeusi zikang'aa kwa masizi ya miaka. Nikayaondoa mafiga, nikaweka jiko, nikapitisha bomba katikati ya dari hadi nje ya paa. Kisha nikajifanya bwana afya. Nikamwambia Lusekelo azibe mianya yote chini ya bati na kwenye madirisha ili joto lisipotee, naye akaziba kwa udongo na matambara siku hiyo hiyo. Tulipowasha, hapakuonekana hata dalili ya moshi ndani. Bibi Tusekile aliketi kwenye kigoda chake akinyoosha mikono, akashukuru kwa adabu. Kisha akauliza moshi unakwenda wapi. Nikamjibu kwamba unakwenda nje. Akauliza kama ni wote. Nikamwambia, tena kwa majivuno, wote mama, haubaki hata kidogo.

Akatazama juu kwenye dari. Mimi nilidhani amestaajabu.

Mwezi wa nane ulipokaribia kwisha, Lusekelo aliingia karakana kwangu bila salamu. Jumapili iliyotangulia jirani wa mama yake alimpitia waende kanisani, akamkuta amelala kifudifudi karibu na mlango, hana fahamu. Akamburuta hadi uani. Alizinduka hewa ilipompiga, akatapika, akapelekwa kituo cha afya, na siku nne kichwa kilikuwa kinamgonga hadi hakuweza kusimama. Lusekelo alisema jiko langu limemgeukia mama yake. Alikuwa na haki ya kusema lolote, na mimi sikujitetea. Nilichukua begi la vifaa, tukapanda gari lake.

Njia nzima nilikuwa nawaza ni kiungo gani kimefunguka. Tulipofika nikaona. Bomba lilikuwa limekatwa kwa msumeno wa chuma pale pale linapoingia darini, na kipande cha juu kimezibwa kwa gunia. Moshi wote, na ile hewa isiyoonekana, ulikuwa unamwagwa darini, na kwa kuwa mianya yote nilikuwa nimeizibisha mimi, ulishuka chumbani. Lusekelo alianza kumpandishia mama yake sauti, akiuliza nani amefanya upuuzi huu. Bibi Tusekile alikuwa amekaa juani na shuka begani, uso umepauka. Akasema ni yeye, na msumeno aliazima kwa jirani. Kisha akaniambia nipande darini.

Nilipanda. Kule juu kulikuwa na mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake mawili mawili na kutundikwa kwenye fito, mistari na mistari. Nilishika moja, likaniachia unga mkononi. Fukusi walikuwa wanatembea juu yake kama watu wa mnada. Pale ndipo nilipoelewa, vijana wangu. Kwa miaka yote moshi wa mafiga ulikuwa unapanda kwenye dari ile na kuyalinda mahindi. Mimi mwenyewe nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo, mbegu ya mama yangu ilikuwa nyeusi kwa masizi na tuliisugua kabla ya kupanda. Nilijua hayo tangu utotoni, na nilipopata nyundo nikayasahau.

Nilishuka, nikaketi chini mbele yake. Akaniambia, polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa bado fupi:

"Mwanangu, umeniletea moto, lakini umeninyima moshi. Mbegu hii nilipewa na mama mkwe wangu. Ya dukani huku kwetu baridi inaipiga, inalala udongoni bila kuota. Hii haijawahi kulala."

Nikamwuliza mbona hakuniambia siku ile. Akasema alitaka kusema, lakini aliona mwanawe amefurahi, na fundi amefurahi, na yeye ni mgeni wa hilo jiko. Alidhani nitakuwa nimeliwazia.

Lusekelo hakutaka habari za mbegu. Alisema atamnunulia mama yake mifuko kumi ya mbegu ya dukani, na jiko atalitupa korongoni, na mama atahamia Mpemba akae chumba cha wageni. Bibi akasema akihamishwa Mpemba atakufa akitazama ukuta, afadhali arudishiwe mafiga yake. Mmoja anataka kumwondoa mama shambani, mwingine anataka kurudi kwenye moshi unaomla kifua, na wote wawili walikuwa wananitazama mimi. Nikapiga moyo konde. Nikamwomba Lusekelo anipe mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Nikasema kufikia hapo mama atakuwa na joto, mbegu itakuwa na moshi, na mama na moshi hawatakutana tena chumba kimoja. Alikubali huku akitikisa kichwa, na jiko likakaa bila kuwashwa.

Mtaniuliza kwa nini sikumjengea kibanda nje, akawasha moto wa pili wa moshi tu. Niliwaza hivyo hivyo. Lakini kuni za moto mmoja zenyewe Bibi alikuwa analetewa na jirani, na moto wa kubembeleza hivyo unahitaji mtu wa kuukalia siku nzima. Ilibidi moto mmoja ufanye kazi mbili.

Jaribio la kwanza lilikuwa la ujuaji. Nilifikiri fukusi anaogopa joto kama anavyoogopa moshi, basi nikazibua mianya, nikalilaza bomba ndani ya dari katikati ya mahindi kabla ya kulitoa nje. Fukusi walihama ndani ya siku mbili. Nilimpigia mke wangu simu nikijisifu. Bibi Tusekile akachukua punje kumi kutoka kwenye mahindi yale, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akakiweka pembeni. Baada ya wiki akanifungulia. Hakuna hata moja iliyotoa jicho. Nilikuwa nimezikaanga. Nilishika kichwa nikidhani nimemmalizia mbegu ya mama mkwe wake, mpaka aliponiongoza chumbani na kuinua shuka. Nusu ya mahindi, yaliyo mazima zaidi, alikuwa ameyashusha na kuyaficha chini ya kitanda kabla sijaanza. Lusekelo alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane. Mimi sikucheka, lakini nilishika adabu.

Jaribio la pili, nilijenga chumba kidogo cha matofali nje, kimeegemea ukuta, kimo chake kama kabati la nguo, na fito za kutundikia mahindi ndani. Bomba likatoka kwenye jiko, likapita ukutani, likaingia chumba hicho kwa chini, na juu nikaacha tundu la moshi kutoka. Hadi kufika pale moshi ungekuwa umeshapoa, hauwezi kukaanga kitu. Kwa macho ilipendeza. Tukafungua mlango na madirisha yote, tukawasha, na moshi ukarudi wote ndani. Bibi alitoka nje akikohoa hadi akainama, na Lusekelo akasema basi, Fundi, inatosha. Ilikuwa bado siku tisa mwezi kwisha.

Nilitembea hadi penye mtandao, nikampigia Mzee Hamadi. Alikuwa amesharudi Tanga kwa wanawe, amezeeka, anasikia kwa sikio moja. Nilimweleza yote, kuanzia msumeno mpaka kabati. Akauliza swali moja tu:

"Hilo bomba lako, kutoka jikoni mpaka nje, kuna mahali linashuka?"

Lilikuwa linashuka. Uwanja wa nyuma ya nyumba uko chini, na mimi kwa kukwepa kubeba mawe nilikijenga chumba pale pale chini, nikaliinamisha bomba kulifuata. Shubiri moja tu. Mzee Hamadi akasema moshi si maji, halafu akaniuliza habari za baridi.

Nikabomoa kila kitu. Siku nne nilibeba mawe kutoka korongoni, kwa magoti haya haya, Lusekelo akinitazama siku ya kwanza na kubeba pamoja nami siku ya pili. Tukainua msingi hadi kiunoni. Chumba kikakaa juu ya usawa wa jiko, bomba likapanda kidogo kidogo njia nzima, na juu ya chumba nikaweka bomba refu la kutokea lililopita mgongo wa paa, kwa sababu upepo wa Ibaba ukipiga paa unajikunja na kusukuma moshi chini. Ukutani karibu na sakafu nikatoboa tundu la hewa safi linaloingia ngumi, na nikamwambia Lusekelo kwamba mtu akiliziba hilo nitakuja kumfunga yeye. Tulipowasha, nikachukua jani kavu linalofuka, nikalipitisha kwenye kila kiungo. Kila mahali moshi wa jani ulivutwa kuelekea ndani ya jiko. Fanyeni hivyo kila mtakapofunga jiko, msiamini macho. Kisha nikajifungia chumbani mchana kutwa, Lusekelo akigonga dirisha kila baada ya muda kuona kama nitajibu. Nilijibu mpaka nikachoka naye.

Kule nje, kwenye kabati la matofali, moshi mwepesi ulikuwa unapita kati ya mahindi bila haraka. Bibi Tusekile aliweka kiganja kwenye matofali, akakiacha hapo muda mrefu. Akatundika mahindi yake mwenyewe, mawili mawili, hakuruhusu mtu kumsaidia. Mwezi wa tisa ulikuwa umebakiza siku mbili.

Sikujua bado kama nimefaulu. Jiko unalijua siku hiyo hiyo, mbegu lazima uingoje. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja nililala vibaya. Lusekelo alisema mama analala vizuri, kikohozi kimepungua, lakini mimi niliwaza yale mahindi na ule unga mkononi. Mvua ziliposhika, wakapanda. Wiki mbili zilipopita Lusekelo alinipitia karakana, akasema mama ananiita, wala hajasema kwa nini.

Nilimkuta shambani, amesimama na jembe lake, anapumua bila kukoroma. Mahindi yalikuwa yamechipua, mistari imenyooka, kijani kitupu hadi ukingoni. Katikati yake palikuwa na mstari mmoja mtupu, udongo mweusi, hakuna hata jani. Nikadhani ndege wamefukua. Bibi Tusekile akanishika mkono kama anavyoshikwa mtoto, akanisimamisha pale.

"Huu ni wako," akasema. "Yale uliyoyakaanga. Nimeyapanda ili uone."

Kisha akaelekeza jembe kwenye kijani kilichozunguka pande zote.

"Na mistari hii yote ni yako. Ya mbegu iliyopata moshi."

Nililia, na sioni haya kuwaandikia hivyo. Yeye hakungoja nimalize. Alifungua fundo la kanga, akanimiminia mkononi punje nyeusi kwa masizi, akanipa jembe. Nikainama na magoti yangu mabovu, nikaupanda mstari ule upya, shimo kwa shimo, mpaka mwisho wa shamba.